Pete za Kinga Kwenye Benchi la Baridi Yabisi

Kinanda alikuwa akipita zake chini ya dirisha la kliniki ya viungo aliponusa woga, na kwake woga ulikuwa biashara. Ndani, muuguzi alikuwa akiwaambia wagonjwa wa baridi yabisi: "Dawa zenu zinaituliza kinga ya mwili ili isishambulie viungo. Ndiyo maana korona inaweza kuwaumiza kuliko wengine. Vaeni barakoa, pateni chanjo, na mtu asiache dawa bila kuniuliza. Ugonjwa ukichachamaa, hatari nayo inapanda."

Kinanda, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alichukua nusu ya maneno hayo, ile nusu inayotisha. Akaenda dukani kununua pete za shaba za kutundikia mapazia, zile ndogo.

Kesho yake asubuhi alitinga kwenye baraza ya kliniki akichechemea, uso kaukunja, barakoa iko kidevuni, pete zinampwaya vidoleni.

"Ndugu zangu wa maumivu," alianza, "mimi na ugonjwa huu ni mwaka wa kumi. Nilipoona zile dawa zinaniuza kwa korona mchana kweupe, nikazitupa. Nikavaa pete hii. Inaizuia korona na kunyoosha viungo kwa mpigo mmoja."

Msusi mmoja kijana, ambaye ugonjwa ulikuwa umemwingia vidoleni na kumpunguzia wateja, alisogea. Shangazi yake alimvuta gauni, lakini wapi! Pesa ilishatoka, pete ilishaingia, na sasa alikuwa ameshika pakiti yake ya dawa akiiangalia ndoo ya taka.

"Na asubuhi vidole havikakamai, kaka?" aliuliza kwa matumaini yaliyotia huruma.

"Asubuhi? Dada yangu, hata zamani asubuhi ndiyo nilikuwa mwepesi! Maumivu yangu yalikuwa ya jioni."

Watu wa benchi wakatazamana. Hapo hapakuwa na mtu aliyeweza kufunga vifungo vya nguo yake kabla jua halijapanda. Kinanda aliyadhania macho yale kuwa ya heshima, akajipongeza moyoni.

Shangazi akapiga yowe. "Maskini baba wa watu! Kaacha dawa!"

Sasa, benchi lile lilikuwa na desturi yake. Aliyeacha dawa habishaniwi. Anasindikizwa kwa muuguzi palepale, kabla hajapata upenyo. Wanawake wawili wakambana Kinanda kila upande. Vidole vyao havikuwa na nguvu ya kukamata, ila viwiko vilikuwa vizima kabisa.

"Mama zangu, mimi nimeshapona!"

"Ndivyo wanavyosema wote, mwanangu. Twende."

Muuguzi hakupoteza muda. "Miaka kumi, na dawa umeacha? Kunja mkono wa shati. Tunatoa damu, halafu kijiti puani tupime korona."

Kinanda aliitazama sindano. Mtu huyu alishawahi kuuza kiwanja cha makaburi, akaongea na polisi huku akitabasamu, lakini sindano ilikuwa habari nyingine. Akajaribu kucheka, kicheko kikagoma.

"Dada muuguzi, tuzungumze kiutu uzima."

"Zungumza. Mimi natafuta mshipa."

Pamba yenye spiriti ilipomgusa, mjanja wetu alisalimu amri. "Mimi siumwi!" alipiga kelele. "Sijawahi kuumwa! Hizo ni pete za mapazia! Hazizuii hata mafua!"

Madirisha yote yalikuwa wazi, kama ilivyotakiwa wakati ule wa korona, na baraza yote ilisikia kila neno.

Alipotoka, hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma zaidi. Alimrudishia msusi pesa yake bila kuombwa, akageuka aondoke. Shangazi akamsindikiza hadi mlangoni, kwa umbali unaotakiwa.

"Nilikujua tangu uliposema unaamka mwepesi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Lakini huyu binti wa kaka yangu, wiki nzima namsihi asiache dawa, hanisikii. Wewe alikuamini mara moja. Nikaona bora umwambie mwenyewe."

Kinanda akaipandisha barakoa kutoka kidevuni, akaufunika mdomo wake. Nyuma yao, msusi alikuwa akiomba maji ya kumezea dawa.