Kufuli la Mtunza Hazina

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeingia ndani tena bila hodi. Beseni chini ya tobo moja, sufuria chini ya jingine, na mimi katikati, nimejikunja kitandani kama paka. Kikundi chetu cha kina mama kinakodisha viti na maturubai. Watu wa harusi tunawafunika, mimi mwenyewe nalala nalowa! Lakini imeshapitishwa: Jumatatu ijayo sanduku la kikundi linafunguliwa, mabati yangu yananunuliwa.

Basi si mabati yanayoninyima usingizi. Ni wifi. Mdogo wake marehemu mume wangu, ulimi pilipili, na ndiye mweka hazina wetu tangu kikundi kianze. Sanduku linalala uvunguni mwake. Kwenye mikutano anakaa meza ya mbele, kwenye kiti chenye mto. Leo sokoni muuza nyanya kamwita Mheshimiwa Mweka Hazina. Mimi kaniambia bibi, sogea kidogo.

Shule sikukanyaga. Herufi hizi alinifundisha marehemu kwa chaki, nyuma ya mlango. Lakini kukaa kwenye kiti chenye mto hakuhitaji cheti.

Nakitaka kile kiti.

Jumanne, 4 Machi

Mjukuu wangu, mke mwenzangu, kaja na sukari. Anafanya kazi kwenye chumba cha hesabu cha kampuni moja. Nikamuuliza, huko kwenu anayeshika fedha anaitwaje? Akacheka, akasema inategemea bibi unamuuliza nani. Yupo mhasibu, anaandika. Yupo keshia, anapokea na kutoa. Yupo mkaguzi, anawachungulia wote. Juu yao afisa fedha, anatia saini.

Watu wote hao! Kwa kazi anayoifanya wifi peke yake, mswaki mdomoni!

Hapo akili ikaniwaka. Wifi hang'oki, wanampenda mno. Lakini cheo chake kinaweza kukatwa vipande kama sabuni ya mche. Kipande kimoja changu.

Alhamisi, 6 Machi

Kampeni. Miguu inawaka moto.

Nimeanza kwa Mama Pasi, anayefua na kupiga pasi nguo za watu. Nikamwambia jicho lake halijawahi kupitwa na doa, kwa hiyo ni mkaguzi wa kuzaliwa. Akauliza kama kuna posho. Nikasema kuna heshima. Akaguna. Akakubali. Binti yake mimba imekomaa, hatembei, anajikokota. Nikampapasa tumbo nikamwambia huyo mpangaji ahame salama.

Msusi nikampa ukeshia, maana vidole vyake vina kasi. Mwalimu mstaafu nikampa uhasibu. Akaniuliza, kwa sauti ile ya darasani, na wewe bibi unabaki na nini? Nikasema mimi natumikia tu.

Uongo mtupu!

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano. Nikasimama, nikasema sanduku la mtu mmoja ni ushamba. Kila cheo kiwe na kufuli lake, na lisifunguke mpaka funguo zote ziwepo. Makofi! Wifi ananitazama kama anayesubiri maziwa yachemke.

Vyeo vikagawiwa. Vikaisha! Mimi mikono mitupu! Nikajitaja mwenyewe: Mtunza Hazina. Mwalimu akauliza anatofautianaje na mweka hazina. Nikasema yule anaiweka, mimi naitunza. Wakaangua kicheko. Wamenipitisha kwa kunihurumia, najua, lakini kupita ni kupita.

Fundi wa kuchomelea kaongeza matundu ya kufuli. Wenzangu wakaleta vikufuli vya begi. Mimi nikanunua la chuma, kubwa kama kiatu cha mtoto, lile la kufungia maghala. Mwenye duka la vifaa kaapa kwamba msumeno hauliwezi. Wifi akasema sanduku sasa lina mapambo kuliko bibi harusi.

Wivu!

Jumapili, 9 Machi

Ufunguo nimeufunga pindoni mwa kanga, nikautembeza mtaa mzima. Muuza nyanya hakuuliza. Nikamwonyesha.

Jioni kelele kwa Mama Pasi. Uchungu umemshika binti! Mvua inamwagika, gari la kukodi linangoja, na mtoto wa watu anatetemeka ndani ya gauni jepesi. Nikavua kanga yangu nikamfunika. Nikamwambia usiogope mama, piga kelele utakavyo, atakayekucheka nitamchapa mimi. Mama Pasi kamwachia msusi ufunguo wake, wakaondoka.

Nimerudi nimelowa chapachapa. Roho kwatu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika haraka, aibu inaniunguza.

Tulikusanyika kwa wifi. Mweka hazina, ufunguo huu hapa. Mhasibu, huu hapa. Keshia, wake huu hapa, na wa mkaguzi huu hapa. Mtunza Hazina? Nikashika pindo.

Pindo la kanga nyingine! Ufunguo umekwenda kujifungua!

Tukapiga simu. Mtoto wa kike, mzima, amefungwa ndani ya kanga yangu. Na hospitali iko ng'ambo ya mto, na maji yamefunika daraja, hakuna wa kuvuka. Fundi akaitwa akate kufuli. Umeme umekatika. Akajaribu msumeno wa mkono, ukang'oka meno. Mwenye duka hakusema uongo. Mwalimu akasema polepole, jamani, tumejilinda na wezi wa dunia nzima, tumejifungia nje wenyewe. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka wifi alipoanza.

Mvua ikazidi. Nyumbani tobo jipya limefunguka, juu ya mto wangu hasa! Wifi kanikuta nimekaa juu ya ndoo gizani. Akasema nyanyuka, Mtunza Hazina, kabla hujatunzwa na maji.

Jumanne, 11 Machi

Nimelala kitandani kwa wifi. Anapiga mateke kama punda. Alinichua mgongo kwa mafuta ya moto, akaninywesha uji, akanitukana mpaka usingizi ukanichukua. Kusema kweli, sijalala vizuri hivyo tangu kaka yake aondoke duniani.

Asubuhi hayupo. Nikasikia nyundo upande wa kwangu. Natoka, fundi yuko juu ya paa langu! Mabati mapya, yanachoma macho! Wifi chini na mwavuli, anamfokea apigilie sawasawa. Kumbe alikwenda kwa mwenye duka la vifaa, akasema anataka mabati ya wifi yake, yatalipwa sanduku likifunguka. Yule bwana hakuuliza cheo. Hakuuliza ufunguo. Aliuliza yapelekwe wapi.

Nikalia. Nikamwambia wifi ni mvua. Akasema mvua gani ina makamasi.

Jumamosi, 15 Machi

Kanga imerudi. Imefuliwa, imepigwa pasi, ufunguo pindoni. Mtoto nimembeba. Kapewa jina langu, maskini.

Sanduku likafunguliwa, duka likalipwa, na kikundi kikafuta vyeo vyote palepale. Uhasibu, ukeshia, ukaguzi, utunza hazina, kwisha! Abaki wifi peke yake na kiti chake chenye mto. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wangu, na ulinyanyuka kwa moyo wote. Mimi na vyeo, basi!

Jioni mjukuu kaja kutazama paa. Nikamsimulia. Akasema mtu anayefanya kama alivyofanya wifi pale dukani, kusimama na kusema niamini mimi, huko kwao anaitwa mdhamini.

Mdhamini.

Nimekaa chini ya bati, pakavu, nasikiliza mvua inavyopiga bila kuingia, nalirudiarudia neno hilo. Lina uzito. Na kikundi hakina hata mmoja! Kesho mapema naanza kwa msusi, nitamwahidi cheo cha mdhamini msaidizi.

Kufuli ninalo tayari.