Kumficha Sikukuu Mpaka Noeli Ipite

Matombo, Jumamosi, 20 Desemba 2025

Dada Rahel, shikamoo. U hali gani huko Ngerengere? Miguu bado inavimba? Shemeji Yusuph hajambo, bado anawapikia watu kwenye maharusi? Sisi huku wazima, Mungu anatusitiri. Mvua haikatiki, njia imekuwa uji.

Simu yangu inazimika kila nikifika kwenye jambo lenyewe. Basi nimechukua daftari. Nitaandika kidogo kidogo kila siku, halafu nikutumie kwa gari. Usome peke yako.

Habari kubwa ni Sikukuu. Mzima! Yule kifaranga aliyetotolewa jikoni kwa Mama asubuhi ya Noeli ya mwaka juzi, Mama akambeba kiganjani akasema huyu ndiye Sikukuu yangu. Sasa ni jogoo kamili. Kishingo vilevile, shingo haina unyoya hata mmoja, nyekundu kama ameaibika. Upanga wa kichwani umelalia upande, kama Mama alivyokuwa anafunga kitambaa chake. Wenzake wote ugonjwa wa mdondo uliwamaliza mwaka jana. Kabaki yeye. Katika vitu vyote vya Mama vinavyopumua, ni yeye tu, na mimi na wewe.

Na bado anasali! Kengele ya misheni ikigonga saa sita mchana, ya sala ya Malaika wa Bwana, naye anawika. Kila siku. Mama alikuwa anasema huyu kuku anasali kuliko Kasiani.

Uliniambia siku ya mazishi: mtunze Sikukuu. Nilikujibu ndiyo mbele ya kaburi. Sasa sikiliza. Mke wangu Angelina leo amehesabu kwa sauti: jogoo mmoja uani, Noeli moja mbele yetu. Na kaka yake Erick anakuja Jumanne kutoka mjini. Mwaka jana alimshika Sikukuu paja akalipapasa kama daktari, akatikisa kichwa, akasema shemeji, huyu bado mwaka mmoja.

Mwaka umetimia.

Usiogope. Nina mpango.

Jumapili, 21 Desemba

Misa ya kwanza. Nimemwombea Sikukuu. Halafu nikaomba msamaha kwa kumwombea kuku. Halafu nikamwombea tena, maana nilimkatisha katikati.

Baada ya misa nimempeleka kwa bwana mifugo kupata chanjo. Amesema msimu huu ndio mbaya, kuku wanaletwa kwa matenga kutoka kila upande na mdondo unapanda nao. Nisimchanganye na kuku mgeni. Nisimpe mabaki ya pilau, chumvi itamuua. Chanjo ni tone moja tu jichoni. Alipogeuka kuandika, nikamtia Sikukuu jingine jicho la pili, la akiba. Mpaka sasa hanitazami.

Njiani nikakumbuka Noeli zetu. Unakumbuka kile kitambaa cha maua ya njano? Wewe gauni, mimi shati, kilichobaki kikawa pazia. Tukisimama dirishani hatuonekani. Na kuku mmoja kwa watu kumi na mmoja! Baba filigisi, wewe kipapatio kimoja, mimi shingo kila mwaka. Labda ndiyo maana nampenda kishingo.

Jumatatu, 22 Desemba

Mpango wa kwanza: ugonjwa. Nani atakula kuku mgonjwa?

Asubuhi nimempaka Sikukuu dawa ya zambarau shingo nzima. Majivu mgongoni. Nikamfunga kitambaa mguuni. Nikamlaza kivulini, nikakaa pembeni na uso wa msiba. Alipendeza sana. Hata mimi nilimwonea huruma.

Angelina akatoka, akamwona, akaingia ndani. Nikajua nimeshinda. Akarudi na kisu.

Dada, nilisahau! Kuku akianza kuzubaa nani anamngojea ajifie? Angelina akaniambia nishike miguu haraka, niache kukaa kama mfiwa, na nimwite jirani yetu Mwinshehe aje achinje kabla hatujaikosa nyama. Nikasema tungoje dawa ifanye kazi. Akasema dawa ni maji ya moto na kitunguu.

Kengele ikagonga. Saa sita! Sikukuu akasimama na zambarau yake yote, akawika mara tatu, akamkimbiza tetea wa jirani mpaka migombani.

Angelina akanigeukia. Akasema mgonjwa gani huyu mwenye sauti ya paroko. Akarudisha kisu.

Ila sasa anajua kwamba nina jambo.

Jumanne, 23 Desemba

Erick kafika. Viatu vya mjini, tope mpaka magotini. Mkononi kuku mweupe, mnene, zawadi kutoka kwa mama mkwe wa Mlali. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Kuku kapatikana! Erick akasema tuko tisa, shemeji, wawili ndiyo watatosha, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye paja la Sikukuu.

Yule mweupe nikamfungia nyuma ya choo, mbali, kama bwana mifugo alivyosema. Erick akalalamika kwa dada yake kwamba namtenga kuku wa mama yao kama mwenye ukoma. Angelina akamjibu amwache, shemeji yake yuko kwenye mfungo wa akili.

Mpango wa pili nimeupata nikiwa naswaki. Mzuri mpaka nikacheka na povu mdomoni. Kijiji kizima kina Noeli, sivyo? Sasa ni nyumba ipi haina Noeli? Ya Mwislamu! Na Mwislamu aliye karibu ni nani? Mwinshehe, mtani wetu. Kuku akikaa kwa Mwinshehe mpaka tarehe ishirini na sita, nani atamgusa?

Nikamtia Sikukuu kwenye tenga, nikamfunika majani ya mgomba, nikapita kwa nyuma. Mwinshehe hayupo. Nimemkuta mkewe, Pili, anachambua mchele. Nikamwambia huyu ni Sikukuu. Mwambie mtani wangu amshughulikie mwenyewe, kwa mkono wake, asimwachie mtu mwingine.

Pili akasema hamna neno, shemeji, tena umefanya vizuri kuwahi, kesho watakuwa wengi.

Sikuuliza kina nani watakuwa wengi. Nimerudi naimba.

Jumatano, 24 Desemba

Samahani kwa mwandiko.

Asubuhi nimesaidia kujenga pango kanisani. Raha tele. Saa kumi nikasema nipite kwa Mwinshehe nimpelekee Sikukuu mtama. Nimekuta foleni. Kutoka mlangoni mpaka kwenye mgomba wa mwisho, Wakristo watupu, na kila mtu kashika kuku kichwa chini.

Dada Rahel! Miaka hamsini na tatu naishi kijiji hiki! Ni nani anayechinja kuku wote wa Noeli ili Waislamu nao wale kwetu bila wasiwasi? Ni Mwinshehe! Kabla yake, baba yake! Mimi mwenyewe nilikuwa natumwa na Baba kwenye foleni ileile, na kuku wetu mmoja! Nimetafuta nyumba moja isiyo na Noeli, nikachagua machinjio.

Tenga langu lipo ukutani. Tupu. Nikamuuliza Pili. Akasema ah, wako alishashughulikiwa toka asubuhi, tena Mwinshehe kafanya mwenyewe kama ulivyoagiza. Nikamwita Mwinshehe. Kisu mkononi, jasho, kuku wa watu miguuni, akapaza sauti: mtani, na wako nilishamalizana naye, usinizibie njia!

Sikumbuki nimefikaje nyumbani. Jikoni kuna ndoo imefunikwa. Ndani kuku, kanyonyolewa. Nikamuuliza Angelina huyu ni kuku gani. Akasema ni kuku wa sikukuu, wa nini tena?

Kuku wa Sikukuu. Basi wamemtoa kule wamemleta hapa. Nikaitazama shingo; zambarau haipo, nikasema imetoka na maji ya moto. Lakini akishanyonyolewa, dada, kuku wote ni vishingo. Na yule mweupe wa Mlali nyuma ya choo hayupo. Nikaelewa kila kitu: wamemficha, wanamwekea Mwaka Mpya. Wangu ndiye wamemchinja.

Sijala.

Alhamisi, 25 Desemba. NOELI

Nitaeleza kwa utaratibu.

Jua linachomoza, wengine wanaoga kwa ajili ya misa. Nikachukua ndoo. Nikaenda kaburini kwa Mama nyuma ya nyumba. Nikachimba kando yake, upande wa miguu, nikamlaza humo katika jani la mgomba. Salamu Maria tatu. Nikamwambia Mama nimeshindwa, nimemwahidi Rahel na nimeshindwa. Nililia, dada. Sikulia hivyo siku ya mazishi yenyewe, maana siku ile nilikuwa napanga viti.

Misa nzuri sana. Kwaya ilipoimba Utukufu nikamsikia Mama kabisa, vile alivyokuwa anachelewa neno moja nyuma ya wengine.

Tukarudi. Angelina akafunua ndoo. Kelele! Erick akasema paka. Angelina akasema paka gani wa kuondoka na kuku mzima na kurudisha kifuniko. Wageni wameshakaa kwenye mkeka. Nikasimama katikati ya ua kama shahidi wa dini, nikasema msimsingizie paka. Ni mimi. Nimemzika Sikukuu kando ya mama yangu, na anayetaka kumla akamfukue.

Angelina akaweka kifuniko chini.

Halafu kengele. Saa sita.

Halafu, kutoka kwa Mwinshehe, sauti ya paroko. Mara tatu.

Nilipiga magoti hapohapo. Wageni wakadhani nasali Malaika wa Bwana, nao wakapiga magoti. Angelina hakupiga. Akauliza polepole sana: kama yule anawika kwa Mwinshehe, umemzika nani?

Nikawaza. Erick akawahi kuliko mimi. Akasema umemzika kuku wa mama, shemeji. Jana nimempeleka mimi mwenyewe kuchinjwa, nikiwa na viatu hivi.

Tumekula wali na maharage. Erick anatafuna huku ananitazama.

Ijumaa, 26 Desemba

Mwinshehe kaja na ukoo wake mzima wa watani. Kanga kiunoni, majani kichwani, wanalia kwa sauti: tumekuja kuhani, jamani, tumempoteza mzungu wetu wa Mlali! Akauliza marehemu alibatizwa? Kaacha watoto? Kwa nini kazikwa bila watani kuarifiwa? Hilo la mwisho likaonekana kosa kubwa, akanichukulia jembe na mkungu wa ndizi. Ndiyo sheria ya utani, huwezi kununa. Angelina kacheka mpaka kaegemea ukuta. Tangu jana ndiyo mara ya kwanza anatoa sauti.

Wakati tunaomboleza, ikaonekana kaburi limeshafukuliwa. Mbwa wa jirani yetu Stambuli. Matombo nzima ndiye pekee aliyemla kuku wa mama mkwe siku ya Noeli.

Wenzake walipoondoka, Mwinshehe akabaki. Akamtoa Sikukuu chini ya kanzu, zambarau bado shingoni. Alikuwa kamfungia chumbani kwake, kwenye uvungu wa kitanda. Nikamwambia lakini ulisema umeshamalizana naye. Akasema nilimalizana naye ndiyo, nilimpa mtama na maji.

Halafu akaacha utani. Akasema unakumbuka nilikuwa nakuja hapa kula na baba yangu, nikishamaliza kumshikia kisu kwetu? Mama yako alikuwa ananipa kipapatio, kila Noeli, ananifungia kwenye jani. Hakukosa hata mwaka mmoja. Akasema, mimi nimchinje kuku wa mama yule, Kasiani? Umenionaje?

Tukakaa wote wawili. Sikukuu katikati.

Kumbe dada, kile kipapatio cha pili kilichokuwa kinapotea ndicho tulichokuwa tunagombania mimi na wewe. Tulikuwa tunamshuku Baba.

Jumapili, 28 Desemba

Mama mkwe kapiga simu. Erick kafika Mlali na kusema yote. Anakuja Mwaka Mpya yeye mwenyewe, anataka kumwona huyo kuku aliyezikwa kwa Salamu Maria, na kama hayupo basi yule jogoo niliyemfananisha naye. Angelina alisikia yote. Alimtazama Sikukuu tu, halafu akatazama kisu.

Nimekwenda kuungama. Padre alikohoa muda mrefu sana nyuma ya kitambaa. Nimeahidi: mipango basi. Mtu mzima naongea wazi, naeleweka, sifichifichi.

Kwa hiyo huu si mpango, ni safari tu. Kesho asubuhi namtuma Sikukuu kwako kwa gari. Utingo ni kijana wa Anastasia wa kanisani kwetu, mcha Mungu, tutaelewana. Tenga kubwa lenye hewa, mtama, kopo la maji limefungwa lisimwagike. Chanjo anayo, tena ya macho mawili. Kwa kuwa simu yako haipatikani, na shemeji Yusuph anajulikana stendi nzima, nimeandika juu ya tenga kwa herufi kubwa, wino mwekundu:

SIKUKUU. KWA YUSUPH MPISHI. AMSHUGHULIKIE MWENYEWE MARA TU AFIKAPO.

Hapo hakuna wa kukosea.

Daftari hili nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki, nimeliweka chini kabisa ya tenga, chini ya nyasi zake, lisilowe. Mtaliona mkishamtoa.

Msalimie shemeji sana. Naomba unijibu upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Kasiani