Njiwa Wangu na Gitaa la Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Nimesalitiwa! Jumapili kwaya inarekodi video, na Haleluya, mpiga gitaa wao, atapiga gitaa alilotengeneza shemeji. Shemeji! Mdogo wake mke wangu, aliyejifunzia kushika randa kwenye karakana yangu! Miaka yote kwaya imepiga magitaa yangu, yenye njiwa niliyemchonga kwa mkono. Mke wangu anasema ni kuku. Wivu sina. Nimekosa tu hamu ya kula.

Jumanne, 5 Machi
Nimepita kwa shemeji kumjulia hali. Kabandika kibao kipya mlangoni. Akanipa pole, eti nimekonda. Mnafiki mkubwa. Nimemsifia kazi yake hadi taya zikaniuma.

Jumatano, 6 Machi
Mpango umeiva. Nimemwomba Haleluya alete lile gitaa nilisafishe bure, kwa ajili ya huduma. Akaniita baba yake wa kiroho. Alipotoka tu, nikang'oa kile kipande cha mfupa kinachoinua nyuzi, nikakisugua kwa msasa kikapungua. Nyuzi zikishuka, gitaa hukoroma. Litakoroma mbele ya kamera! Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 8 Machi
Haleluya kalichukua. Sikulijaribu, mimi nipige gitaa la yule? Thubutu! Mke wangu kauliza mbona napiga mluzi. Nikamjibu ni furaha ya wokovu.

Jumapili, 10 Machi
Nilikaa kiti cha mbele, nikangoja likorome. Wapi! Liliimba hadi wazee wakasimama. Haleluya akasimamisha kwaya, akatoa ushuhuda huku analia. Kumbe tangu alinunue gitaa lile kwa shemeji nyuzi zilikuwa juu mno, vidole vinamchubuka, akaona haya kusema. Leo ni laini ajabu.

“Mungu ambariki fundi wa gitaa hili!” akasema.

Nikainuka. Kamera ikamgeukia shemeji, naye akapunga mkono, mtu hajui hata kilichotokea. Roho iliniuma, jamani. Mke wangu akanivuta shati.

“Kaa chini, baba. Unawaziba watu.”

Jumatatu, 11 Machi
Kwaya nzima imeagiza magitaa kwa shemeji. Sawa tu. Usiku kucha nimewaza, na kosa langu nimeliona: nilisugua kidogo mno. Nimewaambia wanakwaya magitaa yote yakikamilika yapitie kwangu, nitayasafisha bure. Wamenipigia makofi. Msasa umeniishia, nimeenda kuazima kwa shemeji.