Mto Wenu Umekupwa, na Mwanangu Anasubiri Ujae

Konde, Pemba.

Kwa Mhifadhi Mkuu,
Hifadhi ya Taifa ya Mavumbini,
Bara.

Ndugu Mhifadhi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kama vumbi la huko limepungua, itakukuta pia unaonekana. Mimi ni Thuwein Suhail, mkaazi wa Konde. Mwezi uliopita nilifika hifadhini kwenu kwa gari ya kukodi nikiwa na mke wangu Nadhira, mama mkwe wangu Bi Kazija, na binti yetu Ghada, mwenye miaka miwili na miezi mitano. Dereva wetu alikuwa Mabruki, mtu mzima wa Tanga, mpole kupita kiasi.

Kabla sijalalamika, ni haki ujue kilichonileta. Nilikuwa Maskati miaka miwili nikifanya kazi ya ghala. Nilimwacha Ghada hajaota jino. Siku niliyorudi nyumba nzima ilipiga kelele, "Mgeni kaja! Mgeni kaja!" Mtoto akawaamini, na tangu siku hiyo jina langu ni Mgeni. Kila asubuhi hunijia, hunipa mkono, husema "Shikamoo, Mgeni," kisha hurudi zake kwa bibi yake. Tukikaa kula hunisukumia kipande kikubwa cha samaki, kwa sababu amefundishwa kumkirimu mgeni. Hakuna mtoto mwenye adabu kama huyu Konde nzima, na kila akinifanyia adabu hiyo nataka kulia.

Nikabuni safari. Nilijiambia: nimpeleke mahali pasipo jirani wala bahari, penye nyika na wanyama wakali. Akimwona tembo ataogopa, na akiogopa atamkimbilia baba yake. Sikumshauri mtu yeyote kuhusu mpango huu, maana nilijua wangenikataza. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Nchi yenu ni kubwa kuliko ilivyochorwa. Katika kitabu cha ramani nilichonacho, Pemba imepewa ukurasa mzima. Kutoka Konde hadi Chake Chake ni vidole viwili, na kwa gari ni mwendo wa saa moja hivi. Nikageuza kurasa, nikapima kutoka Tanga hadi kwenu, nikapata vidole vitatu. Nikawatangazia watu kwamba chakula cha mchana tutakula na tembo. Bi Kazija akafunga chupa moja ya chai na mikate sita ya kumimina. Tulifika kesho yake jioni. Njia nzima nilimlaumu Mabruki kwamba anaendesha kama anabeba mayai, na yeye, Mungu amlipe, aliendelea kuyabeba. Hifadhi ya pili niliyoikusudia, ambayo kwa vidole vyangu ilikuwa jirani yenu wa mlango wa pili, ilituchukua siku mbili nyingine, na ilikuwa vumbi lilelile kwa jina jingine.

2. Askari wenu wa langoni alimuuliza mtoto, kwa mzaha tu, "Huyu nani?" huku akinionyesha mimi. Ghada akajibu vizuri kabisa, kwa sauti ya kusikika: "Mgeni." Askari aliacha kucheka. Nilitakiwa kushuka garini, kuonyesha kitambulisho, na kueleza undugu wangu na mtoto mbele ya basi zima la wanafunzi. Nadhira angeweza kunitetea kwa neno moja, lakini alikuwa amejifunika mtandio usoni na mabega yakimtikisika. Sikuwa na hakika kama analia.

3. Tembo wenu hawatishi. Tulimpata mmoja kando ya njia, mkubwa kama duka, akivunja mti. Mabruki akazima gari. Nikajiweka tayari, mikono wazi. Ghada akatoa kichwa dirishani akasema, "Shikamoo." Tembo akapiga masikio, mtoto akaridhika kwamba ameitikiwa. Kisha yule mnyama akatugeukia, akapiga hatua mbili kuelekea garini, na hapo, Ndugu Mhifadhi, katika familia yetu alipatikana mtu wa kukimbilia mapajani mwa mwenziwe. Mtu huyo ni mimi, na mapaja yalikuwa ya mama mkwe wangu. "Nkwe wangu," akasema Bi Kazija, "hebu jikaze, ntoto anakuona." Ghada alinipapasa kichwa. "Usiogope, Mgeni," akaniambia, "anakula tu."

4. Askari wenu mwenye kofia ya kijani, aliyejitambulisha kwa jina la Kificho, aliitwa "baba" na mwanangu mara nne. Nilihesabu. Najua ni heshima tu, kwetu kila mwanamme mwenye umri wake huitwa hivyo. Lakini mara nne! Na mimi nimesimama palepale nimembebea mtoto chupa yake ya maji.

5. Hili ndilo kubwa. Mto wenu hauna maji. Tulifika mtoni adhuhuri, tukakuta mchanga mtupu, mpana, mweupe, umepigwa mistari kama ule wa ufukweni. Ghada amelelewa pwani ya Tumbe na bibi yake, na katika umri wake wote mchanga wa namna hiyo una maana moja tu. "Maji yametoka," akasema. Akavua viatu, akakaa kitako kusubiri yarudi. Bi Kazija, ambaye ameokota chaza miaka arubaini, akautazama mto, akahesabu tarehe za mwezi kwa vidole, akatoa fatwa: "Nto huu umekupwa tu. Leo bamvua, siku ya maji makuu. Maji yakitoka mbali hivi hurudi kwa kishindo. Ngojeni."

Niliwaeleza kwamba mto wa bara hauendi na mwezi. Nilieleza vizuri, nilisoma jiografia hadi kidato cha nne. Walinitazama wote wawili kwa huruma. "Mgeni hajui," Ghada akamwambia bibi yake. Tukangoja hadi alasiri. Saa ya pili nikaanza kuchimba kwa mikono, kisha kwa sahani, ili angalau nimtolee mtoto maji mimi mwenyewe. Nilipata unyevu wa kulowesha kidole kimoja, na malengelenge manne. Tulipomnyanyua kumrudisha garini alilia mpaka akapaliwa, na mimi ndiye niliyempeleka mahali pale. Ili anyamaze, nikamwahidi kwamba mto utajaa.

Tangu turudi, kila asubuhi baada ya "Shikamoo, Mgeni" sasa ananiuliza, "Mto ushajaa?" Zamani nilikuwa mgeni tu. Sasa ni mgeni asiyetimiza ahadi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ofisi yako inifanyie yafuatayo. Kwanza, mto ujazwe na kukupwa mara mbili kila siku, kama wafanyavyo wenzenu wa pwani tangu dunia iumbwe. Pili, atafutwe tembo mmoja asiye na subira, afundishwe kutisha watoto bila kuwadhuru wala kuwakaribia baba zao. Tatu, nipatiwe barua rasmi yenye muhuri wa Serikali, isemayo kwamba Thuwein Suhail ndiye baba wa Ghada. Nitaitundika karibu na kitanda chake. Najua hajui kusoma. Nitamsomea.

Nisalimie wafanyakazi wote, askari wa langoni, na tembo aliyeitikia shikamoo. Msalimie na Kificho, ingawa kwa shingo upande. Bi Kazija anawasalimu na anashauri muwe mnaangalia mwezi.

Ni mimi, mwenye vumbi lenu masikioni hadi leo,

Thuwein Suhail

Baada ya kutia sahihi: Kuna jambo sikuliandika kwa kuona haya mbele ya ofisi. Bi Kazija mgongo unamuuma, na Nadhira alitapika kila penye kona, kwa hiyo siku zote zile Ghada alipokwenda haja nyuma ya gari, niliyemchambisha ni mimi, kwa kopo moja la maji, kwa uangalifu mkubwa, maana nchi yenu haina jingine. Sasa nilikuwa natafuta bahasha nikasikia kelele chooni. Hapa nyumbani tuna mfereji wa maji, tuna mama, tuna bibi. Mama kaenda, kafukuzwa. Bibi kaenda, kafukuzwa. Nikachungulia nijue kuna nini, mtoto akaninyooshea kidole: "We! Njoo unchambishe!"

Ndugu Mhifadhi, kwetu Pemba mgeni hapewi kazi hiyo, wala haitwi "we". Nayafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la tano. Mto uacheni hivyohivyo ulivyo, msiutie hata tone. Naitwa tena, na sauti imepanda. Bahasha ataifunga Nadhira.