Mgeni wa Alasiri na Ngumi Yangu ya Kushoto

Jumatatu, tarehe 4

Nina miaka sabini na saba. Nimewazika wake wawili, mbwa wanne, daktari aliyenikataza chumvi, na mafundi kufuli wote wa mtaa huu waliosema watanipita. Nipo. Meno sita yapo. Ngumi ya kushoto ipo. Mtu asije kuniambia nimezeeka.

Binti yangu kaniambia nimezeeka.

Kaja asubuhi, kaona uvimbe kwenye paji la uso. Kauliza nani kanipiga. Nikasema sijui, alinisukuma kwa nyuma. Kauliza aliingiaje. Nikasema kama watu wanavyoingia: alipiga hodi, nikasema karibu. Kauliza anafananaje. Hapo nikakohoa, maana sikumwona.

Ilikuwa hivi. Juzi, baada ya chakula cha mchana. Jua kali, korido nyeupe mpaka mwisho, jengo zima limelala. Mimi kwenye meza yangu ya kazi, tupa mkononi, nachonga ufunguo uliobanwa kwenye jiliwa. Nikasikia "Hodi." Sauti ya kawaida, ya mtu aliyechoka kidogo. Nikasema "Karibu" bila kuinua kichwa. Mimi nimelelewa! Hakuna aliyeingia. Lakini kigoda cha wateja kikalia nyiii, kama kinavyolia kikikaliwa. Nikageuka. Kitupu. Nikarudi kwenye ufunguo wangu. Nikasukumwa. Paji la uso, jiliwa, nyota.

Binti kasema basi, Jumamosi anakuja na pikapu, ananihamishia kwake, chumba cha kando ya jiko. Nakijua. Hakina mlango, kina pazia. Fundi kufuli akalale nyuma ya pazia! Nikagoma. Tukakubaliana: ikifika Jumamosi sina jeraha jipya, nabaki hapa mpaka nife. Nikiwa nalo, napanda pikapu bila neno. "Umeapa, Baba." Nimeapa.

Kwa hiyo nahitaji mtindo wa kupigana. Si wa sinema. Wa maisha ya kweli, chumba kidogo, meza katikati.

Nikamwomba ushauri jirani wa mlango wa pili, askari magereza mstaafu. Wanamwita Judo kwa sababu hana mazungumzo mengine. Akasema ndondi ni ya vijana wenye macho. Nikamwambia judo ni kukumbatiana kwa wanaume waliokosa wake. Hatukuagana.

Jumanne, tarehe 5

Ndondi. Zamani nilipigana mapambano matatu, nikashinda moja na nusu. Nusu ni lile ambalo taa zilizimika nikiwa bado nimesimama.

Asubuhi nilipiga gunia la matambara. Gunia halikurudisha. Dalili njema.

Mchana nikafunga kitasa, nikatia komeo, juu yake kufuli kubwa nililolibuni mwenyewe, ambalo hata mimi hulibembeleza ndipo lifunguke. Nikasimama. Mguu wa kushoto mbele, kidevu chini.

"Hodi."

"Karibu!" Lazima niseme. Nitampigaje asipoingia?

Kufuli halikugusika. Ila ubaridi ulinipita ubavuni, kama mtu kafungua friji nyuma yangu. Kigoda kikalia. Nikairusha ile ya kushoto. Ilipita juu ya kigoda bila kukuta kitu, ikakuta jiliwa. Jiliwa ni chuma. Nilisema maneno ambayo siyaandiki.

Kisha funguo zote ukutani, kila mmoja kwenye msumari wake, zikaanza kubembea. Upepo hakuna. Zilibembea taratibu, upande mmoja. Halafu zikatulia zote kwa pamoja, kama darasa mwalimu akiingia.

Mkono umevimba. Nautia mfukoni mpaka Jumamosi. Mkono wa mfukoni si jeraha, ni mkono wa mfukoni.

Hukumu: ndondi mtindo bora kabisa. Kosa ni la jiliwa.

Jumatano, tarehe 6

Nimemeza mate machungu, nikaenda kwa Judo. Alifurahi mpaka nikamchukia upya. Kasema ndondi inamtaka adui akae mbele yako kama picha, judo inatumia nguvu ya adui mwenyewe. "Ukishika nguo yake, mzee mwenzangu, umeshika roho yake." Akanishika ukosi ili anionyeshe. Nikajikuta juu ya godoro lake natazama dari. Kasema ule mtupo ni wake, kaubuni mwenyewe gerezani: nyonga, robo mzunguko, halafu unamfyekea kisigino mwishoni kama unazima sigara. Hajamfundisha mtu. Mimi wa kwanza. Nikasema nimewahi kuona mtupo mzuri zaidi. Sijawahi.

Mchana, hodi. Karibu! Kigoda kikalia. Safari hii sikurusha kitu. Nikanyoosha ule mkono mzima, wa kulia, polepole, na wallahi nikashika nguo! Nzito, baridi, yenye unyevu, kama shuka lililosahaulika kwenye kamba. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Nyonga! Robo mzunguko! Kisigino!

Ikaja nyepesi. Mkono wa nguo nao mtupu mpaka begani. Nikaanguka nayo. Nilipoitazama kwenye mwanga, koti langu mwenyewe. Lile nililovaa nikimzika mke wangu wa pili. Nilikuwa nimelifungia sandukuni, na sanduku lina kufuli langu.

Nikamwambia Judo mtindo wake una kasoro kubwa: unahitaji mtu awemo ndani ya nguo.

Hakucheka. Kaniuliza kwa nini naendelea kumkaribisha. Nikamwambia ana wivu.

Alhamisi, tarehe 7

Leo nina habari ya kujivunia.

Sakafu yangu ina unga wa chuma, ule unaodondoka ukichonga funguo. Sifagii kila siku, mimi si mwari. Asubuhi nikaona nyayo juu ya unga, mbele ya kigoda. Hazina vidole. Wa kushoto mbele, wa kulia nyuma umekaa mshazari. Msimamo wangu wa Jumanne! Pembeni, jozi nyingine: nyonga imegeuka, robo mzunguko, na mchirizi wa kisigino, kama mtu anayezima sigara.

Nina mwanafunzi! Binti anasema nimezeeka, na huku kuna kitu kinachotoka kusikojulikana kuja kujifunza kwangu.

Nikaenda kwa msusi wa kwenye kona, maana yeye ana mkanda wa karate na jioni huwafundisha wanawake kujihami. Alikuwa kamshika mteja kichwa. "Shikamoo, babu." Marahaba. Nikamweleza kila kitu. Vidole vyake vikasimama kwenye nywele.

Kauliza, "Babu, kila siku anapiga hodi?" Kila siku. "Na kila siku wewe unamjibu?" Nikasema sasa nifanyeje, mimi mnyama? Kasema babu, iwe karate, iwe judo, iwe ngumi, ukifika kwenye kupigana umeshachelewa. Somo la kwanza ni mlango. Akipiga hodi uliza nani. Asipotaja jina, nyamaza. "Huyo haingii kwa ufunguo, babu. Anaingia kwa neno lako. Kufuli zako zote, halafu mdomo uko wazi!"

Yule mteja akacheka. Kunicheka mimi! Nikasema mgeni njoo, mwenyeji apone, nilizaliwa na neno hilo na nitazikwa nalo. Nikamtaka anionyeshe teke na ukelele, hayo mengine awape watoto. Kanionyesha akitikisa kichwa.

Teke: suruali imepasuka. Ukelele: mzuri sana. Mchana baada ya hodi na karibu, niliutoa wote, "Hiaaa!" mpaka vumbi likaanguka darini. Kimya. Nikafikiri nimeshinda. Nikakaa, nikashika tupa. Ndipo ukelele wangu ukatoka tena, kutoka kwenye kigoda. Taratibu, kama mtu anayeonja. Sauti yangu hasa, na ule mkwaruzo wa kikohozi mwishoni.

Anajifunza haraka. Nilikuwa hivyo hivyo.

Ijumaa, tarehe 8

Kesho ndiyo kesho. Uso safi. Mkono mfukoni.

Judo kaja mwenyewe. Kasema hakulala, kwa hiyo leo tumalize: yeye mbele, mimi nyuma, mlango wazi ili tuone. Nikasema mimi mbele. Tukabishana mpaka mchana.

Mlango wazi. Korido nyeupe. Hata paka hakuna.

"Hodi."

Ilitoka kwenye mlango wazi ambao hauna mtu. Nilimwona Judo anakauka mdomo. Mtu aliyekaa na wauaji miaka yote ile! Akanishika bega, akaninong'oneza nisijibu. Kasema, "Bwana we, safari hii nakuomba kama ndugu. Nyamaza tu. Tuone."

Nilinyamaza kidogo. Kweli kilikuwa kimya kizuri. Kwenye kizingiti unga wa chuma ulikuwa umetulia, na hapakuwa na kitu kilichovuka. Hodi ya pili ikawa na unyonge ndani yake, kama ya mtu anayejiandaa kuondoka.

Nikafikiri: Judo atazunguka mtaa mzima akisema kaniokoa.

"Karibu!" nikasema.

Judo alinyanyuka kutoka sakafuni. Simaanishi aliruka. Alinyanyuliwa. Nyonga, robo mzunguko, na mwishoni mguu wake ukafyekwa kisiginoni. Akatua kifudifudi kama gunia. Alipokaa hakutazama kigoda, alinitazama mimi. Kaniuliza kama nimemfundisha mtu ule mtupo. Nikasema si nilikuambia nina mwanafunzi?

Kaenda kwake anachechemea. Nimesikia anasukuma kabati nyuma ya mlango wake.

Hukumu: judo haifai. Bingwa wake kaanguka mbele yangu, nami nimebaki nimesimama. Sasa nimeshinda mapambano mawili na nusu!

Jumamosi, tarehe 9

NIMESHINDA!

Binti kafika na pikapu, dereva kabaki nje. Nilikuwa nimenyoa, nimevaa koti, mkono mfukoni. Nikasikia viatu vyake kwenye korido, halafu, "Hodi, Baba."

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, nikasikia:

"Karibu, mama."

Sauti yangu. Na kikohozi changu. Nyuma yangu.

Binti alikuwa ameshafika kizingitini na anauona mdomo wangu haujatamka. Hakuingia. Alitazama juu ya bega langu, macho yakatulia hapo, uso ukawa kama karatasi. Kasema polepole, kama anavyomsemesha mtoto aliye karibu na kisima, "Baba. Usigeuke. Njoo kwangu." Akanishika mkono akauvuta. Ule ule! Nilimeza maumivu yote mpaka masikio yakalia, sikutoa hata "ah." Hakuuona uvimbe, macho yake hayakuwa mkononi. Nikakita miguu, msimamo wa ndondi. Bondia hatolewi ulingoni na binti yake.

Nikamwambia mkataba ni mkataba, anikague uso. Akalia. Akasema chumba atakitia mlango, atakitia kitasa nitakachochagua mimi, twende tu sasa hivi, vitu viache. Kidogo nilegee, kwa habari ya kitasa. Lakini nikikubali, itaonekana nilishindwa.

Akaniambia basi nisikilize neno moja. Kwamba akija tena hatapiga hodi. Ataita "Baba, ni mimi," na jina alilopewa na marehemu mama yake. "Ukisikia hodi kwa sauti yangu, Baba, si mimi. Umenisikia? Si mimi. Usijibu." Nikasema nimesikia. Kalirudia mara tatu. Kesho anakuja na wajomba zake.

Pikapu imeondoka tupu. Nimebaki kwangu.

Jumapili, tarehe 10

Wajomba bado. Jua kali, jengo limelala.

Nimetafakari mitindo yote kwa utulivu. Ndondi ya kwanza. Karate ya pili, kwa ajili ya ukelele. Judo ya mwisho. Kunyamaza kwa msusi si mtindo, ni ukosefu wa adabu.

Sasa hivi imepigwa hodi. Sauti ya binti yangu, laini, kama alivyokuwa mdogo akirudi shule. "Hodi, Baba." Kule mlango wa pili Judo akapiga ukuta kwa ngumi akipiga kelele nisijibu, nisijibu, wewe mzee hujafundishwa kitu? Yaani Judo ndiye wa kunifundisha namna ya kumpokea mwanangu!

Nimesema, "Karibu, mama, karibu sana."

Kigoda kimelia. Halafu na meza nayo imelia, upande wa pili, kama imekaliwa. Wamekuwa wawili. Kesho nanunua kigoda kingine.

Haya yote ni kweli tupu. Asiyeamini amuulize Judo, akifungua mlango. Amuulize msusi wa kwenye kona. Amuulize binti yangu aliyeona kwa macho yake. Na wakikataa wote kusema, aje mwenyewe hapa, baada ya chakula cha mchana, apige hodi. Mmoja wetu atamjibu karibu.