Vita vya Nyirarukundo na Koti la Moncton

Sogeeni, enyi watu wa Gikondo, mafundi wa magereji na wachukuzi wa maghala, nanyi mliopanda Kacyiru kwenye maofisi ya wizara, tai zenu shingoni! Zimeni redio, tulizeni watoto, nipate kuwasimulia habari za Nyirarukundo mama wa Mukasine, mwanamke mfupi wa kimo na mpana wa mikono, aliyepigana na koti mchana kweupe, katika kiangazi cha mwaka wa tisini na moja, mbele ya mashahidi walioshika chupa za Fanta.

Chanzo cha vita kilikuwa safari. Mukasine, mpiga chapa katika wizara moja, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusomea kazi ya kutafsiri huko Moncton, mji mdogo wa Kanada, na ndege yake ilikuwa inaondoka uwanja wa Kanombe jioni ile ile. Majirani walikuwa wamejaa uani kumuaga. Ndipo alipoingia mjomba wake Évode, mdogo wake Nyirarukundo, Évode mshinda-theluji, ambaye aliishi Moncton enzi za ujana wake na tangu hapo hakupata kuusifu mji mwingine. Mikononi alibeba koti jekundu la baridi, nene kama godoro, lililonuka dawa ya nondo.

"Sikilizeni, mlio wageni wa dunia!" akanguruma Évode. "Huko niliko­kaa, muuza duka hukusalimu kwa Kiingereza na Kifaransa kwa pumzi moja, kisha hungoja aone utaokota kipi. Kibao cha njia panda hukuamuru usimame kwa lugha zote mbili, usije ukasingizia hukuelewa. Nyumba ni za mbao, hazina ua, na mto wao ni wa tope kama Nyabarongo, ila bahari ikijaa, maji yake hugeuka yakarudi yalikotoka. Na asubuhi za baridi kila mtu hutoka na sepetu kulifukua gari lake, maana usiku theluji imelizika!"

"Wanazika magari?" akauliza Nyirarukundo.

"Theluji ndiyo inayoyazika, dada. Watu huyafufua. Na vijana wao huanza sentensi kwa Kifaransa wakaimaliza kwa Kiingereza."

"Basi hao ni kama sisi tu," akasema Nyirarukundo, akageuza uso. Kwa maana moyoni hakutaka binti yake aende, na alikuwa amelia jikoni tangu alfajiri akisingizia moshi.

Évode akamvika Mukasine lile koti ili majirani waone fahari yake. Akaipandisha zipu kwa mkono wa ushindi, kutoka mapajani hadi kifuani, kutoka kifuani hadi kidevuni. Na hapo kidevuni zipu ikauma kitambaa cha ndani kama mamba aumavyo mguu wa ng'ombe, ikagoma. Évode akavuta, ikagoma. Akaitukana kwa Kifaransa, ikagoma. Mutabazi, fundi wa magari, akaja na koleo lake, yeye ambaye hakuna boliti iliyowahi kumshinda, akakaza meno, akavuta. Kishikio cha zipu kikakatika, kikaruka juu ya ua, kikapotelea barabarani.

Jua lilikuwa la utosini. Uso wa Mukasine ukaiva, jasho likamchuruzika, na mikono yake ikasimama kandokando kama ya ndege aliyesahau kuruka.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "naungua."

Nyirarukundo akaingia ndani, akatoka na mkasi.

"Mwanangu," akasema, "umeona mwenyewe. Koti lenyewe limekataa. Nitalikata, utatoka, utakaa kivulini, nami nitakupa maji. Wizara ipo. Kitanda chako kipo. Ya nini kwenda kuzikwa pamoja na magari ya watu?"

Évode akapiga magoti. "Dada, ukilikata ataingia baridini kifua wazi! Lingine hana!"

"Ndiyo maana nimeleta mkasi," akajibu Nyirarukundo.

Mukasine akamtazama mama yake juu ya ile kola. Kwa majuma mengi alikuwa akisema kwamba ni wizara iliyotaka, kwamba ni mjomba aliyetaka. Neno lake mwenyewe hakuwa amelitamka.

"Usikate, Mama. Ninataka kwenda. Mimi mwenyewe ninataka."

Nyirarukundo akautazama mkasi, akamtazama binti yake. Kisha akautupa chini. Akafunga kanga yake kiunoni kwa fundo la vita.

"Inua mikono," akaamuru. "Inama. Évode, mshike kiuno. Mutabazi, nishike mimi, nisianguke."

Akalikamata lile koti kwa pindo, akaligeuza juu ya kichwa cha binti yake, akavuta. Koti likafika mabegani, likasimama. Likafika masikioni, na Mukasine akapiga yowe ndani ya manyoya ya bata yaliyolijaza koti. "Vumilia!" akafoka mama. "Kaza! Shusha pumzi! Tena!" Évode alivuta huku, Mutabazi alivuta kule, vumbi likapanda, Fanta zikamwagika, na mara kwa mlio kama wa chupa izibuliwayo kichwa cha Mukasine kikatoka, chekundu, kimelowa, nywele zimesimama, kikivuta hewa ya Gikondo kwa kilio.

Mama akamkumbatia, wote wawili chini mavumbini. Koti lilikuwa zima, limefungwa hadi kidevuni; tangu siku hiyo lingevaliwa kwa kupitishwa kichwani, na Moncton ingelijua hivyo. Évode akatangaza kwamba nchi mbili zimeshuhudia, ingawa nchi moja haikuwepo. Wanawake wakapiga impundu, vile vigelegele vya kumpokea mtoto aliyezaliwa, vikavuka maghala, vikafika makanisani, wachukuzi wakatua magunia.

Mama mmoja aliyekuwa akipita barabarani akachungulia getini, uso umejaa furaha.

"Hongereni jamani! Amezaliwa mtoto gani?"

"Wa kike," akajibu Nyirarukundo, akimfuta binti yake jasho. "Anakwenda Kanada."