Carina Inayolia Bila Mwizi

Jumatano, 12 Juni

Gari langu, Carina, limepiga king'ora tena. Mara nne kabla ya chai! Mwizi hakuna. Nimechunguza: kila ikilia, Norbert amepita na jeep yake mpya. Jirani ana kijicho huyu!

Mama Domitille amefika hapa Nyamianda. Ni kiongozi wa kwaya, mjane, na nampenda. Basi, nimeandika. Amesema Jumamosi nitambeba kwa Carina hadi kanisani mpwa wake Aline, bibi harusi. King'ora kikilia siku hiyo, Aline atahamia jeep ya Norbert, na mimi nisimwonyeshe yeye Domitille uso tena. Nilisikia nusu tu. Jua lilikuwa limemwangukia begani.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeifunika Carina blanketi, Norbert asiione. Imelia ndani ya blanketi.

Nimekwenda Kavimvira kwa Osée, fundi umeme wa magari. Amefungua kapo, kifuniko cha injini, akacheka. Kumbe kuna kiswichi kinachokiambia king'ora kwamba kapo imeachwa wazi. Kimeliwa na kutu. Aliniuliza naoshea wapi. Nikajibu, ziwani, kama watu wote wenye heshima; naiingiza hadi kwenye taa. Akanitazama sana.

“Weye papa, motokari haiko mutumbwi.”

Ameweka kiswichi kipya. Nisiipeleke majini tena, amesema.

Ijumaa, 14 Juni

Kimya kutwa! Nimekaa ndani ya Carina, vioo chini, upepo wa ziwa ukiingia polepole. Domitille alikuwa kando yangu. Tulipanda milima ya Bijombo, tukila mahindi ya kuchoma, ng'ombe wakitupisha. Aliimba kwa sauti ndogo, kwa ajili yangu tu. Nimeamka usukani umenichora shavu.

Jumamosi, 15 Juni

Vumbi la kiangazi! Na jeep ya Norbert inang'aa. Ningefanyaje? Asubuhi nimekwenda ziwani. Hadi kwenye taa tu.

Aline akapanda, msafara ukafuata kwa honi. Kona ya mwisho kabla ya kanisa, king'ora! Injini ikazimika. Watu wakadhani ni shangwe. Magari kumi na moja yakajibu. Nikapunga mkono, Mungu anisamehe. Domitille hakupunga. Alimtoa Aline, akampandisha kwa Norbert. Kwenye kiti lilibaki ua moja. Nililia pamoja na Carina.

Jumapili, 16 Juni

Nafasi nyingine! Kwaya ina harusi Agosti, nitambeba bibi harusi, maana Domitille ana huruma. Osée amebadilisha kiswichi tena, bila kunitazama. Nimeapa mbele ya Domitille, mkono juu ya Biblia, kwamba Carina haitagusa ziwa.

“Minye niko nakuamini, Papa Gédéon,” amesema, akanishika mkono. Mkono huu ninaoandikia!

Nilirudi nyumbani sioni njia. Kisha nikaona matope kwenye milango. Gari la mtu anayeaminiwa haliwezi kukaa hivyo.

Ziwa, nimeapa. Mto Kalimabenge hakuna aliyeutaja.

Naandika haya juu ya jiwe, miguu mtoni. Maji yanatoka milimani, baridi, matamu. Yamefika kwenye taa tu.

Imelia mara moja. Norbert atakuwa amepita darajani.